"Lilifeli Breki": Historia Fupi ya Dramu, Joto na Milima ya Nyanda za Juu Kusini

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania anayefuatilia taarifa ya habari ameshaisikia mpaka ameikariri: "Chanzo cha ajali ni lori kufeli breki." Ikishasemwa, mazungumzo yanaishia hapo. Ni kama vile tumeambiwa mvua ilinyesha. Nani atamuuliza mvua?

Mimi nimekulia Makambako. Kwa asiyepafahamu, hapa ndipo barabara ya kutoka Songea na Njombe inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma, na reli ya TAZARA ina stesheni hapa hapa. Mbao, viazi, parachichi, mahindi, chai, makaa ya mawe kutoka Ruvuma, makontena ya Zambia na Kongo: vyote vinapita mlangoni kwetu juu ya matairi. Mtoto wa Makambako anazijua harufu mbili kabla hajajua kusoma. Ya kwanza ni ya mbao mbichi. Ya pili ni ya breki zilizoungua, kali, inayokwaruza koo. Lori likisimama kando ya barabara na moshi mwembamba unatoka kwenye magurudumu, sisi watoto tulikuwa tunasogea kushangaa. Hakuna aliyetuambia kwamba ile harufu ni ujumbe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma uhandisi, ndipo nilipoanza kuuelewa. Ujumbe wenyewe ni huu: breki ya dramu huwa haifi ghafla. Inakufa kwa milimita, na historia yake ya zaidi ya miaka 120 ni historia ya watu waliojifunza hilo kwa gharama kubwa, wakabuni kitu cha kulizuia, halafu wakasahau kwamba kitu hicho nacho kinahitaji kukaguliwa.

Mlima unadai joto

Kabla ya historia, tuweke hesabu moja mezani. Usiogope, ni ya kidato cha pili.

Lori likipanda mlima, injini inalilipa lile lori nishati. Likishuka, nishati ile ile inadaiwa irudi, na isipotolewa kwa njia nyingine inageuka kuwa mwendo kasi. Kazi ya breki ni kuigeuza kuwa joto na kulimwaga hewani. Basi.

Sasa, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa lori na tela lake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Kila lori la namna hiyo linaposhuka mita 100 za wima, linaachia nishati ya megajouli 55 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha ndoo nane za maji za lita 20, kutoka ubaridi wa bombani hadi kutokota. Kwenye mteremko wa asilimia 6, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mita hizo 100 zinaisha kwa dakika mbili na nusu tu. Hebu fikiria jiko la kuchemsha ndoo nane kwa dakika mbili na nusu!

Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Songea ni karibu mita 1,200. Kwa hiyo lori lililojaa likitoka Njombe kwenda Songea, hata tukisahau vilima vyote vya katikati, linadaiwa ndoo zaidi ya 60. Upepo na msuguano wa matairi vinalipa sehemu. Injini inaweza kulipa sehemu kubwa, kama dereva amechagua gia nzito. Kinachobaki kinaangukia kwenye dramu za chuma, na sehemu kubwa ya deni hilo inadaiwa mahali pamoja: mteremko wa Lukumburu.

Kiatu kikuukuu na kibanda cha bustanini

Watu walianza kuhangaika na deni hili kabla ya injini. Mikokoteni ya farasi huko Ulaya ilikuwa na gogo la mti linalokandamizwa kwenye ukingo wa gurudumu. Kwenye milima gogo lilikuwa linaungua na kuteleza. Inasimuliwa kwamba Mwingereza Herbert Frood, akiwa katika vilima vya Derbyshire, aliona wenye mikokoteni wakipigilia vipande vya viatu vikuukuu kwenye magogo hayo ili yakamate vizuri. Mwaka 1897 akaanza majaribio yake katika kibanda cha bustanini, akitafuta kitu bora kuliko ngozi ya kiatu. Kutokana na herufi za jina lake, pamoja na herufi moja ya kuongezea, likazaliwa jina ambalo fundi yeyote wa Makambako ameliona kwenye boksi: Ferodo.

Magari ya mwanzo yalitumia mkanda uliozungushwa nje ya dramu. Dereva akikanyaga, mkanda unabana. Shida ilikuwa mbili. Mkanda ulikuwa nje, kwa hiyo matope na vumbi vilikuwa ni vyake. Ya pili ni mbaya zaidi: gari likianza kurudi nyuma mlimani, mzunguko wa dramu ulielekea kuufungua mkanda badala ya kuukaza.

Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault aliipindua picha hiyo. Akaweka viatu viwili vya chuma ndani ya dramu, vinavyotanuka kwenda nje na kukandamiza ukuta wake. Matope yakabaki nje. Zaidi ya hapo, kiatu kimoja kinapoguswa na dramu inayozunguka huvutwa na kujikandamiza chenyewe, kwa hiyo mguu wa dereva unasaidiwa na gurudumu lenyewe. Mpaka leo, ukifungua gurudumu la Howo au la tela la zamani hapo Makambako, utakuta wazo lile lile: viatu viwili, ambavyo mafundi wetu wanaviita breki shuu, ndani ya bakuli la chuma.

Lakini kufungia viatu ndani kulikuwa na gharama yake. Joto nalo likafungiwa ndani. Ngozi, pamba na nywele za ngamia, ambavyo vilikuwa vikitumika kuvisha viatu, haviwezi kuishi humo. Frood alipata jibu mwaka 1908: asbesto. Nyuzi za mawe zisizoungua, zilizoshikanishwa kwa gundi na kutengenezwa kuwa lainingi. Kwa miaka zaidi ya 70 dunia nzima ilishuka milima kwa asbesto. Deni la uamuzi huo tutalikuta gereji, baadaye kidogo.

Upepo unaingia kazini

Mguu wa binadamu hauwezi kusimamisha tani 20, seuze 56. Jibu lilikuja kutoka kwenye reli. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alisajili breki ya treni inayotumia hewa iliyoshindiliwa. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro ya kutisha: bomba likipasuka, hewa inatoka na treni zima linabaki bila breki. Mwaka 1872 akaigeuza. Katika mfumo mpya bomba lilijazwa hewa muda wote, na kupungua kwa hewa ndiko kulikofunga breki. Bomba likipasuka, treni linasimama. Nadhani hili ni mojawapo ya mawazo makubwa kabisa katika uhandisi: panga mambo ili kuharibika kwenyewe kulete usalama.

Malori yalianza kupata breki za upepo miaka ya 1920, lakini kwa njia ya nusu nusu. Breki ya kawaida ya lori bado inahitaji hewa ili ikamate. Hewa ikiisha, pedali ni pambo. Ndiyo maana katikati ya karne ya 20 iliongezwa springi yenye nguvu nyuma ya chemba ya breki, inayozuiliwa na hewa. Hewa ikipungua sana, springi inajiachia na kufunga gurudumu. Ni Westinghouse wa 1872 kaletwa barabarani. Springi hiyo hiyo ndiyo handibreki ya lori.

Wengi, hata madereva wazoefu, wanaamini hapo ndipo mambo yalipokamilika. Pedali ikigoma, handibreki ipo. Lakini jiulize: ile springi inasukuma nini? Inasukuma fimbo ile ile, inayozungusha kamu ile ile, inayotanua viatu vile vile kwenye dramu ile ile yenye moto. Kama kilichoharibika ni uhusiano kati ya kiatu na dramu, breki zote mbili zinakufa siku moja.

Jehanamu ya Zambia, lami na matundu ya reli

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa inategemea njia za kusini kwa karibu kila kitu, mafuta yakiwemo. Njia hiyo ilipozibwa, macho yakageukia Dar es Salaam. Mapipa ya mafuta yakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Zambia kwa barabara ya vumbi, inayogeuka utelezi masika. Magazeti ya Kiingereza yaliipa jina lenye maana ya "Mbio za Jehanamu". Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja, Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat kutoka Italia yakaanza kupanda Kitonga, kupita nyanda za Iringa na Makambako, na kuendelea hadi mpakani.

Hebu tuwaze kwa lugha ya dramu. Kwa mara ya kwanza mizigo mizito ya namna hii ilikuwa ikipita milima yetu mchana na usiku. Lori lililobeba mafuta kwenda Zambia lilipanda Kitonga likiwa limejaa. Likirudi na shaba, lilishuka Kitonga likiwa limejaa. Na kupanda ni tatizo la injini. Kushuka ni tatizo la breki.

Taifa lilijibu kwa njia tatu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika 1968, liliondoa mapipa barabarani. Barabara ya TANZAM iliwekwa lami hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Halafu ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa Mlimba hadi Makambako: kilomita 157 za kupandisha reli kutoka bonde la Kilombero hadi kwetu, kwa madaraja 46 na mahandaki 18.

Kwa nini mahandaki yote hayo? Kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, treni haliwezi kuvumilia mteremko mkali. Wajenzi walilazimika kuulainisha mlima kwanza. Barabara haikufanyiwa hivyo. Lami ya Kitonga inazunguka ukingo wa genge vile vile mlima ulivyo, na hata barabara ya Makambako–Songea, iliyojengwa kwa lami miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza, inashuka Lukumburu kwa kona na miteremko. Kwa kifupi, kwenye reli deni la mlima lililipwa na wajenzi, mara moja, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Kwenye barabara tuliliacha lilipwe na dramu, kila safari, milele.

Mimi sisemi kwamba waliokosea ni wajenzi wa barabara. Barabara nyingi za milimani duniani ziko hivyo. Nasema tu kwamba ukichagua barabara ya namna hiyo, umechagua pia kuwa na mafundi wanaopima.

Milimita

Likizo iliyopita nilikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye gereji yake iko kando ya barabara hapa Makambako. Alikuwa amekaa juu ya ringi ya tairi, anakunywa chai.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Gari lako liko wapi?"

Nikamwambia sina gari, nina maswali. Akacheka. Nilipomuuliza kuhusu lori kufeli breki, akaweka kikombe chini. "Breki inasema mara kumi kabla haijafeli, mwanangu. Inanuka, inavuta upande, pedali inashuka, upepo unapungua. Sasa wewe una mzigo wa watu, tajiri anapiga simu, utasikia?"

Halafu akanipeleka chini ya tela na kunionyesha kitu ambacho vitabu vyangu vilikuwa vimekieleza kwa milinganyo tu.

Nyuma ya gurudumu kuna chemba, mfano wa kopo pana la chuma. Ndani yake kuna mpira. Upepo ukiingia, mpira unasukuma fimbo. Chemba ya kawaida kwenye malori makubwa ina eneo la inchi 30 za mraba. Kwa upepo wa baa 7 inasukuma kwa nguvu ya tani 1.4 hivi. Fimbo inavuta mkono unaoitwa ajasta, ajasta inazungusha kamu yenye umbo la herufi S, na kamu inatanua viatu.

Nguvu ipo, lakini safari ya fimbo ni fupi. Chemba ya aina hiyo ina mwendo wa milimita 64 tu. Fimbo ikifika mwisho, imefika mwisho. Hata uongeze upepo, inagonga ukuta wa chemba. Lainingi zikilika, viatu vinakuwa mbali na dramu, na fimbo inatumia sehemu kubwa ya safari yake kufidia pengo kabla haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo pengo lazima lipunguzwe kila mara. Huko ndiko kukaza breki.

Sasa ongeza joto. Dramu ya kipenyo cha milimita 420, ikipanda nyuzi joto 300, inatanuka karibu milimita 1.4. Inatanuka kwenda nje, yaani inavikimbia viatu. Pengo hilo dogo likipita kwenye kamu na mkono wa ajasta, linaidai fimbo karibu sentimita moja ya ziada. Wakati huo huo gundi iliyomo kwenye lainingi inaanza kuvunjika kwa joto na msuguano unashuka. Hiyo ndiyo ile harufu ya utotoni mwangu.

Unaona mtego ulipo? Lori linalotumia milimita 55 za safari ya fimbo likiwa baridi linasimama vizuri tu kwenye kituo cha mafuta. Dereva anakanyaga, linashika, anasema breki ziko sawa. Akifika katikati ya Lukumburu dramu zimepata moto, fimbo inahitaji milimita 65 na chemba ina 64. Pedali ipo. Upepo upo. Springi ipo. Breki hakuna. Kwa anayetazama kwa nje, "lilifeli ghafla". Kwa kweli lilifeli wiki tatu zilizopita, gereji, siku ambayo hakuna aliyeingia chini na rula.

Wamarekani waliliona hili kwa uchungu. Mwaka 1992 bodi yao ya kuchunguza ajali za usafiri, NTSB, ilichapisha uchunguzi wa breki za upepo za malori mazito, na tatizo lililojitokeza wazi ni breki ambazo hazijakazwa inavyopaswa. Kuanzia Oktoba 1994 sheria yao ikataka kila lori jipya lenye breki za upepo liwe na ajasta inayojikaza yenyewe. Tatizo limekwisha? Aprili 2003, katika mji mdogo wa Glen Rock, jimbo la Pennsylvania, tipa lilishindwa kusimama kwenye mteremko mkali na kuua. Lilikuwa na ajasta za kujikaza. Wachunguzi walieleza jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila gereji ya Njombe: ajasta ya kujikaza ikikutwa imelegea, ujue kuna kitu kimeharibika, ama yenyewe ama kamu, bushi au chemba. Fundi akiikaza kwa spana na kuiachia gari liende, ameufunika ugonjwa. Itarudi kulegea, pengine kabla ya mlima wa kwanza.

Malori mengi tunayonunua yakiwa yametumika yanakuja na ajasta za namna hiyo. Fundi aliyejifunza zamani, mkono wake unakwenda kwenye spana bila kufikiri. Si uzembe. Ni mazoea ya teknolojia iliyopita.

Chini ya lori, kwa mpangilio

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji chaki, rula, watu wawili na dakika kama arobaini.

Kwanza, lori liwe mahali tambarare, matairi yamewekewa vigingi, injini imezimwa, upepo umejaa hadi baa 6 au 7, handibreki imeachiwa. Piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzako akanyage pedali hadi mwisho na kushikilia. Pima alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya inchi 30, kanuni ya Marekani inasema ikizidi milimita 51 breki hiyo haifai kuingia barabarani. Zipo chemba za safari ndefu zenye kipimo tofauti, kwa hiyo soma maandishi yaliyopo kwenye chemba yenyewe. Linganisha kushoto na kulia: zikipishana sana, lori litavuta upande.

Pili, mwenzako akiwa bado ameshikilia pedali, sikiliza. Upepo unaovuja una sauti, na povu la sabuni litakuonyesha ulipo. Kisha toa maji kwenye mitungi ya upepo. Yakitoka na oili nyingi, kompresa inaomba msaada.

Tatu, angalia lainingi kupitia tundu la ukaguzi, au fungua dramu. Zikiwa zimefika alama ya mwisho, badilisha pande zote mbili za ekseli, usibadilishe upande mmoja. Zikiwa na grisi au oili kutoka kwenye hab, usizifute kwa petroli na kuzirudisha. Sili imekufa na lainingi zimeshakunywa. Dramu yenye nyufa ndogo ndogo za juu juu kama ardhi ya kiangazi ni ya kawaida kwa iliyokutana na joto. Ufa uliofika ukingoni ni mwisho wa dramu hiyo. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa kimechongwa kwenye dramu yenyewe. Ikishachongwa kupita hapo, kuichonga tena ni kuifanya nyepesi, na dramu nyepesi inapata moto haraka zaidi.

Kisha kuna mambo mawili yanayomhusu fundi mwenyewe. La kwanza ni lile deni la 1908. Nchi nyingi zimeshapiga marufuku asbesto kwa sababu vumbi lake linasababisha saratani, lakini lori la zamani au boksi lisilo na maelezo linaweza bado kuwa nalo. Usipulize vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa, hata kama ndivyo ulivyofundishwa. Lilowanishe kwa maji, ufute kwa kitambaa, ukitupe. La pili ni springi ya chemba. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kusimamisha lori. Ukiifungua bila kuifunga kwanza kwa boliti yake, inaweza kukuua papo hapo.

Kwa dereva neno ni fupi, na wazee wa barabara hii wanalijua: shuka kwa gia uliyopandia. Ingia kwenye gia hiyo kabla ya mteremko, wala usisubiri katikati. Acha injini ilipe ndoo zake. Ukisikia harufu, simama mahali salama, ziache zipoe zenyewe. Maji ya baridi kwenye chuma chenye moto yanakipasua.

Tunachopima

Pale Makambako kuna mizani. Lori la Zambia linapimwa uzito mara kadhaa kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na sote tunajua kwa nini: uzito unaua barabara, na barabara ni mali ya umma. Likizidi, linazuiwa, na hapana mjadala wa bahati mbaya. Hakuna dereva anayesema "lilizidi uzito ghafla".

Breki nazo zina kipimo, kwa milimita, na kipimo hicho kimejulikana kwa miongo mingi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari liwe zima, na polisi wetu wanakagua na kubandika stika. Lakini lori linalotembea kila siku linalika kila siku. Kati ya ukaguzi na ukaguzi, anayeingia chini na chaki ni dereva, utingo au fundi, na mara nyingi hakuna anayemlipa kwa dakika hizo arobaini. Tajiri mmoja akiamua kuzilipia, na kuandika namba kwenye daftari kila gurudumu, ameshafanya zaidi ya matangazo mengi.

Na sisi wengine, tusio na lori? Tunaweza kuanza na ile sentensi. Siku nyingine taarifa ya habari ikisema lori lilifeli breki, tuulize swali linalofuata: fimbo ilikuwa milimita ngapi, ilipimwa lini, na nani aliyepima? Likiulizwa mara za kutosha, kuna mtu ataanza kuwa na jibu.

Yule mzee, kabla sijaondoka, alinipa kipande cha chaki. "Chukua," alisema. "Hicho ni cha bure. Rula ununue mwenyewe."